Akiri kosa ili kesi ifutwe? Jibu kwa mama wa Columbus

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Columbus, Ohio. Mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka 23. Tulikuja naye kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huu ni mwaka wa tano, na ana kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu. Anabeba mizigo ghalani na mgongo unamsumbua sana. Polisi walimsimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma ya gari, wakamkuta na vidonge vitatu vya oksikodoni, ile dawa kali ya maumivu, mfukoni. Alipewa na mwenzake wa kazini, hana cheti cha daktari. Wakili aliyepewa na mahakama anasema sheria ya jimbo imelegezwa: akiri kosa, afuate mpango wa matibabu, kisha kesi inafutwa kabisa. Ndugu yetu wa Oregon naye anasema kwao kitu kidogo hivyo wala si kesi. Tunatakiwa kusaini wiki ijayo. Asaini?

Jibu: Marahaba, Mama, na poleni kwa hayo yaliyowafika. Naanza na lile swali lako la mwisho: asisaini wiki ijayo. Na nikishasema hivyo, naomba usiende kumgombeza wakili, kwa sababu kuhusu Ohio hakukudanganya. Kwa kijana aliyezaliwa Ohio, karatasi hiyo ni nafuu kubwa, na kuna watu waliipigania miaka mingi. Kwa kijana wenu, karatasi hiyohiyo inaweza kuwa ndiyo inayomtoa Marekani.

Kwa sheria ya Ohio, kukutwa na oksikodoni bila cheti cha daktari, hata vidonge vitatu, ni kosa kubwa la daraja la tano. Ni daraja la chini kabisa katika makosa makubwa, lakini lina kifungo cha miezi 6 hadi 12. Mwaka 2018 wananchi wa Ohio walipigia kura pendekezo la kulishusha kosa la kuwa na dawa za matumizi binafsi liwe kosa dogo. Walilikataa, zaidi ya asilimia 60 wakipinga. Baadaye bunge la jimbo likatafuta njia nyingine, na Januari 2021 Gavana Mike DeWine alitia saini sheria iliyopanua mpango ambao watu wengi walikuwa hawaruhusiwi kuuingia, mpango wa kumpeleka mtu kwenye matibabu badala ya kumtia hatiani. Kosa lilibaki kubwa kama lilivyokuwa. Kilichoongezwa ni upana wa mlango wa kutokea. Ndio ulegezaji anaouzungumzia wakili wenu.

Sasa tazama mlango wenyewe unafunguliwaje. Kijana anasimama mbele ya hakimu, anaulizwa kama anaelewa, anasema "nakiri kosa." Hakimu anaipokea kauli hiyo, haandiki hatia, anaiweka kando. Kijana anakaa chini ya uangalizi kwa muda usiopungua mwaka mmoja, anapimwa mkojo, anahudhuria matibabu. Akimaliza vizuri, kesi inafutwa bila hatia kuandikwa. Mwajiri wa Ohio akiuliza kama amewahi kutiwa hatiani, anaweza kujibu hapana na asiwe amesema uongo.

Afisa wa uhamiaji hasomi kamusi hiyo. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliandika maana yake lenyewe ya neno "hatia" kwa ajili ya sheria ya uhamiaji. Kwa maana hiyo, hata kama mahakama haijamtangaza mtu kuwa na hatia, inatosha mambo mawili yawepo: mtu awe amekiri kosa, au amekiri mambo yanayotosha kuthibitisha kosa; na hakimu awe ameamuru adhabu ya aina yoyote au kizuizi chochote juu ya uhuru wake. Uangalizi ni kizuizi. Kupimwa mkojo kwa amri ya hakimu ni kizuizi. Kwa hiyo siku kijana wenu atakapomaliza mpango wa Ohio na watu wakampigia makofi mahakamani, kwa upande wa serikali kuu atakuwa na hatia ya dawa za kulevya tangu siku ile alipofungua kinywa na kukiri. Kufutwa kwa kesi baadaye, kama zawadi ya kumaliza matibabu, hakuiondoi. Baraza la rufaa la uhamiaji lilishaliamua hilo mwaka 1999.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Niliwahi kukaa mbele ya kioo katika kituo cha kuzuilia watu wa uhamiaji, upande wa pili amekaa baba wa Kikenya, dereva wa lori, mikono mikubwa. Alikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, ameikunja mara mbili tu ili isichanike. Akaibandika kwenye kioo niisome. Ilikuwa na muhuri wa mahakama na neno moja ambalo alilizungushia kalamu: imefutwa. Alikuwa ameitembeza kwenye gari lake miaka sita kama kinga. Ilibidi nimweleze kwa simu ile ya ukutani kwamba karatasi aliyokuwa ananionyesha ndiyo iliyomleta pale, kwa sababu mistari miwili juu ya neno alilolizungushia iliandikwa kwamba alikiri.

Ndiyo maana nimetanguliza jibu, Mama.

Uzito wake ni huu. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni aliyetiwa hatiani kwa kosa lolote linalohusu dawa zilizodhibitiwa, baada ya kuingizwa nchini, anaweza kuondolewa. Haiulizi kama jimbo limeliita kosa kubwa au dogo, wala vilikuwa vidonge vitatu au gunia. Imeacha tundu moja tu: kosa la mara moja la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi ya mtu mwenyewe. Vidonge havimo. Tena hatia ya aina hii humweka mtu katika kundi la wale ambao sheria inataka wazuiliwe wakati kesi ya uhamiaji inaendelea, bila dhamana.

Upo msamaha ambao hakimu wa uhamiaji anaweza kumpa mwenye kadi ya kijani, nao huokoa wengi. Unahitaji miaka mitano ya kadi na miaka saba ya kuishi nchini mfululizo tangu alipoingizwa. Mkimbizi ana bahati kidogo hapo, kwa kuwa kadi yake huhesabiwa tangu siku aliyoingia. Lakini ile saa ya miaka saba husimama siku kosa linapotendeka, haingoji siku ya hukumu. Kijana wenu yuko mwaka wa tano. Akipatikana na hatia hii, saa yake imesimama pungufu, na mlango huo umefungwa hata kama atafikisha miaka saba akiwa bado anahudhuria mahakamani. Zipo njia nyingine za kuomba ulinzi kwa mtu aliyekimbia vita, na zipiganiwe ikibidi, ila mara nyingi anayezipigania yuko tayari nyuma ya kioo.

Nije kwa ndugu yenu wa Oregon, maana naye hakusema uongo, ila habari yake imepitwa. Ili mwelewe kwa nini jimbo moja linasema hivi na jingine vile, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Katika Marekani sehemu kubwa ya sheria za jinai ni mali ya majimbo. Kila jimbo lina orodha yake ya dawa, uzito wake na miaka yake, na serikali kuu ina yake juu ya hizo. Mwaka 1973 Gavana Nelson Rockefeller wa New York alipitisha sheria zilizoweka kifungo cha chini cha miaka 15, na cha juu maisha, kwa kuuza au kukutwa na wakia chache tu za heroini au kokeini. Majimbo mengine yakafuata. Michigan ilivuka mpaka zaidi mwaka 1978: gramu 650 au zaidi za heroini au kokeini, kifungo cha maisha bila tumaini la kutoka mapema. Mtu mmoja aliyekutwa na gramu 672 za kokeini, bila rekodi ya kosa kubwa hapo kabla, alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1991 mahakama hiyo ikasema Michigan ina haki ya kumfunga maisha.

Kasoro ya sheria za namna hiyo sidhani ni ukali peke yake. Adhabu inapofungwa kwenye mizani, hakimu anabaki kusoma namba tu. Anayeamua hasa ni mwendesha mashtaka, kwa sababu ndiye anayechagua amshtaki mtu kwa kifungu gani. Anamwambia mtu: kubali hiki cha miaka 3, au nakupeleka kwenye kile cha miaka 15. Nani atabaki kubishana? Hivyo ndivyo kukiri kulivyozidi kuwa njia kuu ya mahakama za Marekani, hata kesi kwenda kusikilizwa ikawa jambo la nadra. Na kijana wenu, miaka hamsini baadaye, anaombwa akiri kwa mazoea hayohayo, ijapokuwa sasa analetewa kwa sauti ya upole.

Kulegeza kulianza polepole. Michigan ilifungua mlango kwa wafungwa wale wa gramu 650 mwaka 1998. New York ilipunguza ukali mwaka 2004, halafu mwaka 2009 ikawarudishia mahakimu uwezo wa kumpeleka mtu kwenye matibabu badala ya gereza katika kesi nyingi. California, kwa kura ya Novemba 2014, ilifanya kuwa na dawa za matumizi binafsi kuwe kosa dogo. Mwaka 2016 Oklahoma, jimbo la wahafidhina kabisa, wananchi wakafanya vivyo hivyo, na bunge lao baadaye likakubali kwamba walio ndani tayari nao wafikiriwe. Tarehe 4 Novemba 2019 wafungwa 462 waliachiwa Oklahoma kwa siku moja. Nje ya gereza la wanawake la Taft ndugu walisimama wakiwasubiri. Ninapowaambia watu kwamba sheria hizi zinaweza kubadilika, siku hiyo ndiyo ninayoitaja.

Oregon ilikwenda mbali kuliko wote. Kuanzia tarehe 1 Februari 2021, baada ya kura iliyopita kwa asilimia 58, mtu aliyekutwa na chini ya gramu moja ya heroini, au chini ya gramu 2 za kokeini, au vidonge visivyofika 40 vya oksikodoni, hakukamatwa. Aliandikiwa karatasi ya faini ya dola 100, kama ile ya kuegesha gari vibaya, na faini yenyewe ilifutwa akipiga simu na kupimwa mahitaji yake ya afya. Ndugu yenu anaikumbuka sheria hiyo. Ila wachache walipiga simu, fedha za matibabu zilichelewa kufika, na wakati huohuo fentanili, dawa kali sana ya kulevya ambayo kiasi kidogo tu huua, ikajaa mitaani. Watu walikuwa wanakufa kwenye vibaraza, na wapiga kura waliokuwa wamekubali wakaanza kugeuka. Aprili 2024 Gavana Tina Kotek alitia saini sheria iliyorudisha kosa hilo kuwa kosa dogo lenye kifungo cha hadi siku 180, kuanzia Septemba 2024. Kaunti nyingi za Oregon zimeweka njia ya kumpeleka mtu kwa wahudumu kabla hajafikishwa mahakamani. Kwa hiyo leo ni kesi, ila huenda isifike kwa hakimu.

Sasa nikwambie jambo ambalo halizungumzwi sana katika mijadala hii, na ambalo naona ndilo kiini. Wabunge na wapiga kura wanapolegeza adhabu, wanahesabu miaka. Kutoka miaka 15 hadi 3, kutoka kosa kubwa hadi dogo, kutoka gereza hadi matibabu. Wachache hujiuliza ni wakati gani mtu analazimika kusema "nakiri." Kwa raia, wakati huo si kitu kikubwa. Kwa asiye raia ndio kila kitu. Mabadiliko mazuri kwa macho ya Ohio yanaweza kuwa mabaya kabisa kwa mtu mwenye kadi ya kijani, na yanayoonekana madogo yanaweza kumwokoa.

California ilijifunza hilo kwa uchungu. Kwa takriban miaka ishirini mpango wake wa matibabu ulikuwa kama wenu wa Ohio: kiri kwanza, maliza, tutafuta. Sheria yenyewe iliwaahidi washtakiwa kwa maandishi kwamba kukiri kule hakutawadhuru, na wahamiaji wengi waliamini, wakaja kuondolewa nchini. Kuanzia Januari 2018 jimbo likabadilisha mpangilio tu: mshtakiwa anasema hakubali kosa, anakwenda kwenye matibabu, akimaliza mashtaka yanaondolewa. Matibabu ni yaleyale, muda haukurefuka, jimbo halikupoteza kitu. Kwa kuwa hakuna kukiri, hakuna hatia ya uhamiaji. Mstari mmoja wa sheria ulihamishwa kutoka juu kwenda chini ya ukurasa, na familia ngapi zikabaki pamoja. Halafu Novemba 2024 wapiga kura wa California walipitisha sheria mpya kwa mtu aliyewahi kutiwa hatiani mara mbili au zaidi kwa dawa: kosa kubwa lenye matibabu ya lazima, na anayetaka matibabu lazima akiri kwanza. Mtego umerudi kupitia dirishani. Inaniuma, kwa sababu aliyeiandika huenda hakumfikiria kabisa kijana kama wenu.

Na Oregon ile ya faini ya dola 100, bila kukusudia, ndiyo iliyokuwa salama kuliko zote. Baraza la rufaa la uhamiaji lilikuwa limeamua mwaka 2004, katika kesi ya wizi mdogo kutoka Oregon hukohuko, kwamba karatasi za makosa ya aina hiyo hazihesabiki kuwa hatia, kwa vile mahakama haikuhitaji kuthibitisha kosa kwa kiwango kinachotakiwa katika jinai. Oregon ilipolirudisha kosa la dawa kuwa jinai mwaka 2024, kinga hiyo iliondoka.

Tufanye nini basi na Ohio yenu, wiki hii?

Nendeni kwa wakili kabla ya siku ya mahakama na mmwambie kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba kijana si raia, aliingia kama mkimbizi tarehe fulani, ana kadi. Mwombe aahirishe. Kuahirisha kesi ili kupata ushauri wa uhamiaji ni ombi la kawaida, hakimu halioni kama ujeuri. Halafu mwombe akueleze kwa maandishi matokeo ya uhamiaji ya mpango anaoupendekeza. Hili si hisani. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyezaliwa Honduras, mwenye ukaazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40, aliyewahi kupigana vita vya Vietnam akiwa jeshini Marekani. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori. Wakili wake alimwambia asijali kuhusu uhamiaji, amekaa nchini muda mrefu. Akakiri, na kwa kukiri huko akawa wa kuondolewa. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia iwapo kukiri kunaweza kumfukuzisha. Mtajieni wakili jina la kesi, Padilla dhidi ya Kentucky. Mawakili wa mahakama wana mafaili mengi kuliko masaa, na mara nyingi ukilitaja jina hilo anasimama, anafikiri upya, anapiga simu kwa mtaalamu.

Mambo ya kuulizia ni haya. Kwanza, je, mwendesha mashtaka wa kaunti ana mpango wake wa kuiweka kesi pembeni kabla ya kukiri? Ohio inaruhusu, ila masharti hutofautiana kaunti kwa kaunti, na baadhi ya mipango hutaka uandike kwa mkono wako kwamba ulitenda kosa. Karatasi ya aina hiyo isisainiwe mpaka wakili wa uhamiaji aisome neno kwa neno. Pili, kama njia hiyo haipo, je, shtaka linaweza kubadilishwa liwe kosa lisilogusa dawa hata kidogo, kwa mfano fujo mahali pa umma? Inaweza kumgharimu faini kubwa zaidi, pengine hata siku chache ndani, na rekodi isiyofutika upesi. Nimewahi kuwashauri watu wachukue kosa linaloonekana baya zaidi kwa jimbo ili wasifukuzwe nchini, na wake zao wakanitazama kama nimerukwa na akili. Ndivyo mambo yalivyopinda.

Jihadharini na shtaka la vifaa vya dawa. Wengi hulikubali wakidhani ni jepesi. Yupo Mtunisia mmoja, mwenye kadi ya kijani, aliyekuwa amefundisha hisabati chuo kikuu, aliyekutwa katika kituo cha mahabusu huko Kansas na vidonge vinne ndani ya soksi. Alikiri kosa la kuwa na kifaa cha kuhifadhia dawa, na kifaa chenyewe kilikuwa hiyo soksi. Akaondolewa Marekani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimpa haki, kwa sababu karatasi za kesi hazikutaja ni dawa gani, na orodha ya Kansas ilikuwa na dawa ambazo serikali kuu haikuzidhibiti. Lakini alishapoteza miaka akiwa nje. Oksikodoni iko kwenye orodha ya serikali kuu, kwa hiyo ikiwa jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya kukiri, hoja hiyo haitamsaidia kijana. Jinsi karatasi inavyoandikwa ni kazi ya wakili. Nyinyi mjue tu kwamba kila neno lina bei.

Na kama kwa bahati mbaya mnasoma hili akiwa ameshakiri, msikate tamaa. Sheria ya Ohio inamtaka hakimu, kabla ya kupokea kukiri kwa asiye raia, amwambie wazi kwamba anaweza kufukuzwa nchini, kuzuiwa kuingia, au kunyimwa uraia. Kama hakimu hakusema hivyo, kuna ombi la kukiondoa kile kukiri. Hatia iliyobatilishwa kwa sababu utaratibu ulikiukwa, uhamiaji huiheshimu, tofauti na ile iliyofutwa kwa sababu mtu amemaliza matibabu. Ombeni rekodi ya sauti ya siku hiyo.

Wakati kesi haijaisha, asisafiri nje ya Marekani, hata kama kuna msiba. Najua ninachokiomba hapo. Anaporudi uwanja wa ndege anaulizwa maswali upya, na huko kukiri kwa mdomo tu mbele ya afisa, bila mahakama yoyote, kunaweza kumletea shida. Asijaze fomu ya uraia wala ya kubadilisha kadi bila kuonana na wakili wa uhamiaji. Akihojiwa na afisa wa uhamiaji kuhusu vidonge, ana haki ya kunyamaza na kuomba wakili.

Ninalo jingine ambalo hukuuliza, ila nyumba yako najua ina wageni na vijana. Ohio ilihalalisha bangi kwa watu wazima kwa kura ya Novemba 2023, na maduka yapo wazi barabarani. Serikali kuu haikuihalalisha. Tangu 2019 mwongozo wa maafisa wa uraia unasema wazi kwamba kutumia bangi au kufanya kazi kwenye maduka hayo, hata kama jimbo limeruhusu, kunaweza kumnyima mtu uraia kwa hoja ya tabia njema. Kijana asiingie huko hata kwa ajira. Na miraa vivyo hivyo. Jirani anaweza kukuambia ni majani tu, yanauzwa mchana Meru. Kathinoni, ile dawa iliyomo kwenye majani mabichi, imo tangu 1993 kwenye orodha ya kwanza, ile kali kuliko zote, ya dawa zilizodhibitiwa na serikali kuu, pamoja na heroini. Anayepokea kifurushi cha mwenzake kwa posta anajibebea kesi ya usafirishaji, na hiyo ni mbaya kuliko vidonge vitatu mara nyingi.

Mwisho ni mgongo wake. Katika haya yote ya sheria tumemsahau kidogo kijana mwenye maumivu. Mpelekeni kwa daktari, aandikiwe dawa kwa jina lake, na vidonge vibaki kwenye chupa ya duka la dawa yenye jina hilo. Vya kupewa na mwenzake asiguse tena, hata kama mtoaji ana nia njema, kwa sababu vidonge vingi vinavyotembea mikononi leo vimetengenezwa kwa fentanili na vinafanana na halisi kwa rangi na maandishi. Ohio inagawa naloksoni bure, dawa ya puani inayomrudisha mtu aliyezidiwa. Chukueni moja mweke kabatini pale mnapoweka dawa za homa, na wote wa nyumbani wajue ilipo. Kisha piga picha ya karatasi ya mashtaka na ya ule mpango aliopewa, ufunike jina lake na namba ya kesi, unitumie kabla ya siku ya mahakama. Nitakuandikia maswali ya kumpelekea wakili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili uweze kumsomea mwenyewe.